Mwosha Ngazi Aliyekosa Pumzi ya Kujibu Salamu

Moyo wa Waridi Haji una tundu. Liko kwenye ukuta unaotenganisha vyumba viwili vya juu vya moyo. Alizaliwa nalo, akakua nalo, akaolewa nalo, akaosha ngazi za watu nalo, na hakuna aliyemwambia mpaka alipofikisha miaka thelathini na minne.

Sasa ana thelathini na mitano. Alhamisi wiki hii, daktari atamwambia kama tundu hilo linaweza kuzibwa au muda umepita. Leo ni Jumatatu, na ngazi ni chafu.

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Waridi amesimama chini ya jengo la ghorofa nane mtaani Pipeline, Embakasi. Ana ufagio mgumu, ndoo tupu na sabuni ya unga iliyofungwa kwenye mfuko. Leso ameikaza kiunoni. Hachukui maji. Maji yako kwenye tangi juu ya paa. Kazi hii huanzia juu: unachota tangini, unamwaga, unasugua, na uchafu unakufuata ukishuka mpaka mtaroni. Maji hushuka yenyewe. Wa kupanda ni mtu.

Anapanda. Ghorofa ya kwanza anashika ukuta. Ya pili anaketi. Ya tatu anaketi tena, ameinamisha kichwa, na mabega yanapanda na kushuka kama ya mtu aliyekimbizwa.

Vijana wawili wenye sare za shule wanateremka mbio. "Niaje, Trafiki!" anasema mmoja. "Mathe, songa kidogo, tumechelewa."

Waridi anasogea. Anainua kiganja cha mkono wa kulia, kimewaelekea, vidole vimenyooka. Vijana wanacheka na kupita.

Kutoka chini, msimamizi wa jengo, mzee Owuor, anapaza sauti. "Waridi! Umefika wapi?"

Waridi anainua kiganja tena, ingawa mzee hamwoni.

"Haya, usijibu. Nikisikia ufagio nitajua uko hai."

Ufagio unasikika baada ya muda mrefu sana. Ukisikika, Waridi anakuwa mtu mwingine. Akiteremka na maji yake anaongea na kila mlango. Anamuuliza huyu mtoto ameamkaje, anamgombeza yule aliyeacha viatu kizingitini, anamtania mwanamume aliyetoka kuoga bafu la nje na taulo: "Shemeji, leo umekumbuka sabuni? Mungu mkubwa."

Kwa miaka mingi wapangaji walijua Waridi wawili, wa kupanda na wa kushuka. Wa kushuka walimpenda. Wa kupanda walimchukia. Ukimwamkia, hajibu. Ukimtolea salamu ya Kiislamu, ambayo kuijibu ni wajibu, hajibu. Anakuonyesha kiganja tu, kama polisi wa trafiki anayesimamisha gari. Jina likapatikana hapo. Watoto walilitumia kwa mchezo. Watu wazima walilitumia kwa chuki.

Wengine walisema ana kiburi cha watu wa Pwani. Wengine walisema ana jini la asubuhi. Mpangaji mmoja wa ghorofa ya nne aliwahi kwenda kwa Owuor kudai mwosha ngazi mwingine, mwenye adabu.

"Nilimwambia Waridi siku hiyo," anakumbuka Owuor, ambaye alifanya kazi ya reli kabla ya kusimamia jengo. "Nikamwambia, wewe mama, salamu ni bure. Hailipiwi kodi. Akaniambia, mzee, mimi nawaambia wasubiri nipumue. Wao wanaona nawaambia wasiniongeleshe. Mimi nikadhani ni maneno ya mtu anayejitetea. Kumbe alikuwa ananipa ripoti ya daktari, na mimi sikujua kusoma."

*

Waridi alizaliwa mtaa wa Mbotela, karibu na Barabara ya Jogoo, katika nyumba ya baraza la jiji ambayo babu yake aliipanga alipokuja kutoka Mombasa. Mama yake, Qamar, bado anaishi hapo. Hupika kaimati na viazi vya karai, na huuza mlangoni.

"Kila mvua ikianza, Waridi na kifua," anasema Qamar. "Wenzake wanacheza matopeni, yeye yuko ndani na sweta mbili. Alikuwa mwembamba, lakini mchangamfu. Hukuweza kumwita mgonjwa. Mgonjwa analala. Huyu alikuwa anazungumza mpaka unamwomba anyamaze."

Alipokuwa na miaka minne, familia ilifanya ilichokijua. Walimpeleka mtaa wa Majengo kwa bibi mmoja mkata vimeo. Kimeo ni kile kinyama kidogo kinachoning'inia nyuma ya ulimi. Wazee wengi wanaamini kikirefuka ndicho kinacholeta kikohozi, kwa hiyo hukatwa. Waridi alishikwa kichwa na shangazi wawili. Kikakatwa.

"Alitema damu, nikampa asali," anasema Qamar. "Mvua iliyofuata, kikohozi kikarudi. Nikaenda kwa yule bibi nikamwambia, hukukata chote. Akanitazama. Akaniambia, sasa nikate nini tena, ulimi?"

Qamar hacheki anaposimulia hayo. Anageuza kaimati kwenye mafuta na kuendelea. "Dawa ya kikohozi tuliyoijua ndiyo hiyo. Hakuna aliyetuambia kikohozi kinaweza kutoka moyoni."

Shuleni Waridi hakuweza kukimbia mzunguko mmoja wa uwanja. Mwalimu wa michezo alimwita mvivu na kumfanya aokote taka wenzake wakikimbia. Waridi anasema alifurahi. Kuokota taka hakumalizi pumzi.

Hakufika sekondari. Aliacha shule, akawa msaidizi wa nyumbani mtaani Komarock, kisha akaolewa na Farid, mpima nafaka katika duka la jumla. Wakahamia Pipeline, chumba kimoja cha chini kisichoona jua. Owuor akampa kazi ya kuosha ngazi za jengo lao, kisha za majengo mawili ya jirani. Kila jengo lilimlipa shilingi elfu nne kwa mwezi.

Ukweli usemwe: Waridi hakukwepa zahanati. Alikwenda mara nyingi. Alipewa dawa ya kikohozi. Alipewa kipulizo cha pumu. Mara moja alipewa dawa za kifua kikuu kwa miezi sita, ingawa makohozi yake yalipimwa na hayakuonyesha kitu. Kila mara waliweka kile kifaa cha masikioni mgongoni mwake na kumwambia avute pumzi.

"Walisikiliza mapafu," anasema. "Mimi nikasema, nina kikohozi, basi watasikiliza mapafu. Hata mimi ningesikiliza mapafu."

Hakuna aliyezunguka mbele.

*

Miaka minne iliyopita, rafiki yake Kawsar alifiwa na mama.

Kawsar anakaa ghorofa ya nane ya jengo hilohilo. Ni mshonaji wa mabuibui. Yeye na Waridi walikuwa marafiki tangu siku ya kwanza Waridi alipofika na magodoro yake. Waridi akimaliza kupanda asubuhi, alikuwa akipumzika kwa Kawsar kabla ya kwenda paani. Kawsar alimwekea chai na kumwacha anyamaze hadi atakapokuwa tayari.

Siku ya msiba, wanawake wa jengo walipanda pamoja na masinia ya wali. Waridi hakutaka kuachwa nyuma, kwa sababu mtu hapaswi kuonekana anachelewa kwenye msiba wa rafiki yake. Alipanda kwa mwendo wao. Hakuketi mahali.

Alipofika mlangoni, chumba kimejaa. Kawsar akamwona, akainuka kwenye mkeka na kumfuata mikono miwili ikiwa wazi, akilia, akisema, "Waridi, mama amekwenda."

Waridi akainua kiganja.

"Sikuwa na pumzi hata ya kusema neno moja," anasema Waridi. "Macho yalikuwa yanaona giza. Nilitaka anipe muda mdogo tu. Mkono ulipanda wenyewe. Umeshazoea."

Chumba kizima kiliona. Kawsar alisimama katikati na mikono yake wazi. Waridi akateleza akaketi karibu na viatu, kichwa chini. Pumzi iliporudi, watu walikuwa wanasoma Kurani, na aibu ilikuwa imemshinda. Akashuka bila kusema pole.

"Mimi nililia kifo cha mama, halafu nikalia na hilo," anasema Kawsar. "Nilisema, hata mbwa wa jirani humpi mkono wa namna hiyo. Nikaapa. Akiosha mlangoni kwangu, nilifunga mlango. Akisalimu wakati wa kushuka, mimi ndiye sikujibu."

Ilidumu miaka mitatu.

Farid anasema alimshauri mkewe mara nyingi apande kwa Kawsar akaeleze. "Akaniuliza, nikaeleze nini? Nikamwambie nilichoka? Nani asiyechoka kwenye ngazi za Pipeline? Hata paka wa huku wanachoka."

Hapo ndipo ulipokuwa ugumu wake. Hakuwa na jina la kumpa mtu.

*

Jina alilipata mwaka jana, kwenye kliniki ya wajawazito.

Waridi na Farid walikuwa wamengoja mimba kwa miaka kumi na mmoja. Ilipoingia, Farid alinunua kitanda cha mtoto kabla hata tumbo halijaonekana, akakiegemeza ukutani, na kila mgeni aliyeingia ilibidi apite upande upande.

Katika mwezi wa tano, muuguzi mkunga aitwaye Phelister Aoko alimpima presha, akamtazama midomo, kisha akaweka kile kifaa kifuani, upande wa mbele. Akatulia. Akakihamisha kidogo. Akatulia tena.

"Mama, nani amewahi kukuambia habari za moyo wako?" alimuuliza.

"Hakuna."

"Unapuliza."

"Unapuliza nini?"

"Ndiyo tunataka kujua."

Picha ya moyo, inayopigwa kwa mashine kama ile ya kutazama mtoto tumboni, ilionyesha tundu. Lilikuwa pana kama sarafu ya shilingi ishirini.

Dkt. Hirad, daktari wa moyo anayemtibu Waridi, anaeleza kwa utaratibu. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Upande wa kulia hupokea damu iliyomaliza kazi mwilini na kuipeleka mapafuni ikapate hewa. Upande wa kushoto hupokea damu iliyopata hewa na kuisukuma mwili mzima. Ukuta wa katikati huzuia damu hizo zisichanganyike.

Mtoto akiwa tumboni hapumui, kwa hiyo kati ya vyumba vya juu huwa kuna kijia kidogo cha damu kupita. Akizaliwa na kuvuta pumzi, kijia hicho hujifunga. Kwa Waridi tatizo lilikuwa zaidi ya kijia. Ukuta wenyewe haukukamilika.

"Upande wa kushoto una nguvu zaidi," anasema Dkt. Hirad. "Kwa hiyo damu iliyokwisha kupata hewa ilipenya tundu, ikaingia kulia, ikarudishwa mapafuni. Kila pigo la moyo, miaka yote. Mtoto wa namna hii mara nyingi hageuki rangi. Anakua. Anakohoa, anachoka haraka, basi. Watu wanasema ni kifua."

Waridi alimsikiliza, kisha akasema kwa lugha ya kazi yake. "Nikamwambia, daktari, kumbe mapafu yangu yanapiga deki sakafu ambayo imekwisha kupigwa deki. Akasema, ndiyo hivyo hasa. Nikamwambia, basi yatachoka."

Yalikuwa yamechoka. Mishipa ya mapafu inayopokea damu nyingi kupita kiasi kwa miaka mingi huwa minene na migumu, na presha ndani yake hupanda. Kwa mjamzito hali hiyo ni ya hatari kubwa. Madaktari walimwambia Waridi wazi kwamba mimba ile ingeweza kumuua. Walimpa nafasi ya kuamua. Aliomba wamwache ajaribu.

Alilazwa. Katika mwezi wa saba, mtoto akaja mwenyewe, kabla ya wakati, alfajiri. Alikuwa wa kiume. Farid alimwadhinia sikioni na kumpa jina, Abrar. Mtoto alipumua kwa msaada wa mashine.

Kabla ya adhuhuri aliacha.

Farid alimbeba mwenyewe hadi makaburi ya Kariokor. Hakuhitaji mtu wa kumsaidia. "Nimezoea kubeba gunia la kilo tisini," anasema. "Siku ile mikono haikujua ifanye nini na kitu chepesi hivyo."

Owuor ndiye aliyewaambia wapangaji. Alisimama getini jioni, watu wakirudi kazini, akawaambia mmoja mmoja: yule mnayemwita Trafiki amezaliwa na moyo uliotoboka, na leo mtoto wake amezikwa.

Waridi aliporuhusiwa kurudi nyumbani, Kawsar aliteremka ghorofa zote nane. Aligonga mlango, akaingia, akamkuta amelala ubavu. Waridi akajaribu kuinuka. Kawsar akainua kiganja chake mwenyewe.

"Usiseme kitu," alimwambia. "Leo nitasema mimi yote."

Akaketi kitandani. Alisema kwa muda mrefu. Mwisho akasema, "Sasa nipe pole yangu ya mama, nami nikupe yako ya mtoto. Pole pole, kwa pumzi uliyonayo. Sina haraka."

*

Baada ya hapo likabaki swali moja. Je, tundu linaweza kuzibwa?

Kuziba kwenyewe kunawezekana. Kuna njia ya kupitisha kizibo kupitia mshipa wa paja, na kuna upasuaji wa kufungua kifua. Watoto wengi hufanyiwa na kurudi kucheza. Lakini kwa mtu mzima ambaye mapafu yameumia, lazima kwanza presha ya mapafu ipimwe kwa kupitisha mrija mwembamba hadi moyoni. Waridi aliwekwa kwenye foleni. Alingoja karibu mwaka mzima.

Katika mwaka huo aliambiwa asipande ngazi. Aliacha majengo mawili akabakiza moja, hili analoishi, kwa sababu kodi ya chumba haingojei foleni ya hospitali. Owuor alimruhusu aoshe mara mbili kwa wiki tu, na humruhusu achukue asubuhi nzima kupanda. Mwenye jengo hajui.

Mrija uliingizwa wiki iliyopita. Majibu ni Alhamisi.

Jumatatu hii, akiwa ameketi kwenye ukingo wa tangi na ufagio magotini, Waridi anaeleza anachokitaka. Si mtoto tena. Hilo ameliweka chini, anasema. "Nataka wazibe, nipande kwa Kawsar kama mgeni. Mtu anapanda, anabisha, anasema hodi. Hodi tu. Nimechoka kufika mlango wa mtu nikiwa kama mwizi aliyefukuzwa."

Kisha anainuka, anachota maji, anaanza kushuka.

*

Alhamisi saa tatu asubuhi, Waridi na Farid wameketi mbele ya meza ya Dkt. Hirad. Waridi amevaa buibui jipya aliloshonewa na Kawsar. Farid amevaa viatu vya Idi.

Daktari hazunguki. Presha ya mapafu ni ya juu mno. Damu imeanza kubadili njia. Sasa inapita kutoka kulia kwenda kushoto, ile iliyochoka inaingia kwenye ile safi. Ndiyo sababu midomo na kucha zake zimeanza kuwa za samawati.

"Kwa hiyo hamzibi," anasema Waridi.

"Hatuzibi, dada yangu. Tukiziba leo, upande wa kulia wa moyo utasukuma damu kwenye mapafu yasiyoipokea, na haitakuwa na pa kutokea. Moyo utashindwa."

"Yaani tundu lililoniharibu ndilo linaloniweka hai."

"Ndiyo."

Waridi anatazama mikono yake. "Ningekuja lini?"

"Utotoni ingekuwa vizuri zaidi. Hata ungekuja na miaka ishirini, pengine tungeziba."

Farid anaingilia bila kupaza sauti. "Alikuja, daktari. Si hapa, lakini alikuja. Alikuja na miaka ishirini. Alikuja na ishirini na tano. Mlimpa dawa ya kikohozi."

Dkt. Hirad anaweka kalamu mezani. "Najua," anasema. "Nimesoma."

Nje, mtu anaitwa jina lake aingie chumba kingine.

Daktari anaeleza yanayowezekana. Vidonge vya kushusha presha ya mapafu, kila siku, maisha yote. Asibebe mimba. Asipande ngazi. Homa yoyote ya kifua aikimbilie mapema. Akifanya hayo anaweza kuishi miaka mingi, ingawa hakuna daktari anayeweza kumwambia mingapi.

Vidonge vyenyewe vimempa Farid matatizo ya aina yake. Ni dawa ileile ambayo wanaume wengi hununua kwa siri kwa sababu za chumbani. Alipopeleka cheti kwa muuza dawa mtaani jioni hiyo, alitazamwa kuanzia viatu hadi kofia.

"Kijana akatabasamu," anasimulia Farid. "Akaniuliza, mzee, za mwezi mzima? Nikamwambia, ni za mke wangu. Ndio akacheka mpaka akashika meza. Nikamwambia, cheka, ukimaliza unipe dawa."

Waridi alicheka aliposikia hivyo. Alicheka mpaka pumzi ikakatika, na Farid akamwekea mto mgongoni.

*

Jumatatu iliyofuata ngazi zilioshwa na mwanamke mwingine, mgeni kutoka jengo la nyuma. Ana miguu mepesi. Alifika paani kabla Owuor hajamaliza chai yake.

Waridi alikaa mlangoni kwake akisikiliza ufagio ukishuka. Alisema mwanamke yule anaruka pembe za ngazi, uchafu unabaki pembeni. Owuor alimjibu, "Wewe ulikuwa unaziosha kama unaosha vyombo vya mama mkwe. Mwache mwenzio."

Mpango wake ni huu. Getini, karibu na bomba, kuna nafasi ya meza moja. Owuor amesema mwenye jengo hatakataa. Waridi anataka kuuza sabuni ya maji, ile ya kupimwa kwenye chupa ndogo, na vitambaa vya kusugulia. Kawsar amekubali kukata vitambaa kutokana na mabaki ya mabuibui. Kawsar ndiye atakayekuwa anateremka.

Jambo la pili ni mtoto wa dada yake, binti wa miaka mitatu aitwaye Aqsa, anayeishi Mbotela kwa bibi yake. Mvua hizi amekohoa. Qamar alishaanza kuulizia kama mkata vimeo wa Majengo aliacha mwanafunzi.

Waridi alimpigia simu. "Mama, usimguse kooni," alimwambia. "Mpeleke wamsikilize kifua. Waambie wasikilize mbele. Wakimsikiliza mgongoni tu, usitoke."

Qamar alimpeleka Jumatano. Moyo wa mtoto ni mzima. Ana mafua.

"Alhamdulillahi," anasema Waridi, na anasema mara ya pili.

Gharama aliyoilipa anaihesabu mwenyewe, bila kuulizwa mara mbili. Majengo matatu aliyoyaosha, na mshahara wake. Vidonge ambavyo vinachukua robo ya anachopata Farid, mwezi hadi mwezi, bila mwisho. Miaka mitatu ya Kawsar. Kimeo chake. Miezi sita ya dawa za ugonjwa asiokuwa nao. Watoto ambao wangefuata.

Na Abrar, aliyezaliwa wakati wa adhana ya alfajiri, akaishi mpaka saa nne asubuhi.